Kukaza boksi la sabufa: unene, nguzo, ubavu au fremu?

Boksi la sabufa likianza kuguna, wengi hukimbilia jibu moja: mbao nene zaidi. Wengine wamesikia kwamba ndani lazima iwepo fremu, basi wanaitia hata kwenye kiboksi cha inchi 8 kisichoihitaji. Njia nne zinazolinganishwa hapa zote zinafanya kazi. Ipi ikufae wewe inategemea ukubwa wa boksi, vifaa ulivyonavyo, na kama boksi litakaa sebuleni Kikwajuni, Unguja, au litapanda boti kila wiki kwenda shughuli za harusi Chake na Wete kule Pemba.

Kwanza, linahitaji kukazwa?

Tuchukue boksi moja la mfano tulitumie mpaka mwisho: spika ya inchi 12, boksi lililofungwa kabisa, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa) ya mm 18, na ndani upana wa sm 42, kimo cha sm 38 na kina cha sm 34. Ujazo wake ni lita 54 na kidogo. Koni ya inchi 12, yaani sehemu ya spika inayosukuma hewa, ina eneo la karibu sentimita za mraba 500. Ikiingia ndani mm 10, imebana nusu lita ya hewa. Shinikizo hilo, kama paskali 1,300, likiuegemea ukuta wa nyuma wa sm 42 kwa 38, ni sawa na mzigo wa kilo 21. Kwa sauti ya Hz 40, ukuta huo unasukumwa nje na kuvutwa ndani mara 40 kila sekunde. Kila milimita unayocheza ukuta ni kazi ya amplifaya inayopotea, na mara nyingine ni mlio ambao haumo ndani ya muziki.

Kuna jambo la pili, ambalo wengi wanalichanganya na hilo la kwanza. Kila ukuta una mvumo wake wenyewe, kiwango ambacho ukifikiwa unaanza kulia peke yake. Ukuta wa sm 42 kwa 38 wa MDF ya mm 18 huvuma kati ya takriban Hz 200 na 400, kutegemea kingo zake zimeshikwa kwa nguvu kiasi gani. Sabufa inayokatwa Hz 80 au 100, yaani isiyopelekewa sauti za juu ya hapo, haifiki huko. Lakini ukuta wa sm 90 kwa 60, wa unene uleule, huvuma kati ya Hz 70 na 130, na hapo upo katikati ya kazi ya sabufa. Ndiyo maana boksi dogo huvumilia makosa mengi na boksi kubwa halivumilii hata moja.

Kwa mbao za mm 18, ukuta usiozidi sm 30 upande wake mrefu hauhitaji kitu, isipokuwa ule wa mbele uliotobolewa tundu la spika. Kati ya sm 30 na 45, kaza ikiwa spika ina nguvu na inapigwa kwa sauti ya juu. Ukizidi sm 45, kaza bila kujiuliza. Mbao za mm 12 zinataka kukazwa mapema zaidi.

Kwa boksi lililokwisha kujengwa, jaribu hivi. Tumia programu ya simu inayotoa sauti ya kiwango kimoja, anza Hz 20 upande taratibu mpaka 120, sauti ikiwa ya wastani. Weka ncha za vidole katikati ya kila ukuta, kisha sukuma ukuta kwa kiganja. Mlio ukibadilika au kupungua unaposukuma, ukuta huo unacheza. Usipobadilika hata kidogo, tafuta kwengine: skrubu ya spika iliyolegea, hewa inayovuja penye waya, au vioo vya dirisha na bati la paa. Nyumba nyingi zetu zina bati linaloitika Hz 40 kuliko boksi lolote, na hilo halitibiwi kwa mbao.

Vigezo

Kila njia itapimwa kwa mambo yaleyale: inaongeza ukakamavu kiasi gani, inakula ujazo gani, inaongeza uzito gani, inataka vifaa gani, inaharibika vipi, na inamfaa nani. Ujazo usidharauliwe. Boksi lenye bomba la hewa lililopangwa livume Hz 35 kwa lita 54 likibaki na lita 40, litapanda mpaka karibu Hz 41, na besi ya chini uliyoitaka imekwenda.

Njia ya kwanza: kuongeza unene

Unabandika ubao wa pili juu ya wa kwanza. Ugumu wa kupinda unafuata unene mara tatu kwa kuzidisha, yaani unene ukiwa mara 2, ugumu unakuwa mara 8. Lakini uzito nao unakuwa mara 2, kwa hiyo mvumo wa ukuta unapanda mara 2 tu. Na hayo yote yanapatikana ikiwa mbao mbili zimegandana uso mzima. Ukizishika kwa skrubu nne za pembeni bila gundi, kila moja inapinda kivyake na ugumu unakuwa mara 2 badala ya 8. Kazi nyingi za namna hii huharibikia hapo.

Ukiongeza kwa ndani kuta zote sita za boksi letu, lita 54 zinabaki 40. Ukiongeza kwa nje, ujazo haupungui, ila boksi linanenepa sm 3.6 kila upande wa kipimo na linaongezeka kilo 14 au 15. Kwa boksi kubwa la sm 90 kwa 60 kwa 60, nyongeza hiyo inafika kilo 40. Hakuna mpakizi wa bandarini atakayekushukuru.

Vifaa ni vichache: msumeno wa kukata mistari iliyonyooka, gundi na mizigo ya kubana. Paka gundi kwa kipande cha kadi chenye meno, funika uso wote, bana kwa skrubu kila sm 15 na uweke matofali katikati. Kosa la kawaida ni kubaki na mfuko wa hewa katikati ya mbao, ambao baadaye unatoa mlio mkavu usiopatikana unatoka wapi.

Njia hii inamfaa mwenye boksi dogo la kukaa pahali pamoja, asiye na msumeno wa kukata mviringo. Na inafaa karibu kila boksi kwa ukuta mmoja: wa mbele. Tundu la sm 28 linaunyang'anya ukuta huo sehemu kubwa ya mwili wake, na juu yake unabeba spika nzima. Ubao wa pili wa mbele, ukibandikwa kwa nje, unaongeza chini ya kilo 2 na hauli ujazo wowote.

Njia ya pili: nguzo

Ni kipande cha mbao kinachounganisha ukuta na ukuta unaoukabili. Mbao ya mbili kwa mbili ya paini inatosha, na dukani inapatikana. Kwa ukuta unaokaribia mraba, nguzo moja karibu na katikati inatoa sehemu kubwa ya faida ambayo ungeipata kwa fremu, na inazikaza kuta mbili kwa mpigo. Ukuta ukiwa mrefu, kama sm 90, moja haitoshi: weka mbili, kwenye theluthi.

Nguzo ya sm 42 inakula kama lita moja na uzito wake ni nusu kilo hivi. Vifaa ni msumeno wa mkono na keekee tu.

Penye hatari ni ncha. Hewa ikibanwa, kuta mbili zinasukumwa nje kwa pamoja, kwa hiyo nguzo inavutwa. Koni ikitoka, nguzo inabanwa. Ncha iliyoegemezwa tu bila kushikwa haifanyi kazi nusu ya wakati, na ikilegea inagonga. Tena gundi haishiki vyema kwenye ncha ya mbao iliyokatwa kukingama na nyuzi, kwa sababu ncha hiyo inainyonya kabla haijakauka. Dawa ni kupaka tabaka jembamba kwanza, kungoja dakika kumi, kisha kupaka la pili, na kupitisha skrubu ya mm 5 kwa 70 kutoka nje ya ukuta mpaka ndani ya nguzo. Ukipenda uhakika zaidi, bandika kwanza ndani ya ukuta kibao cha plaiwudi cha sm 12 kwa 12, ili mvuto usikae kwenye nukta moja.

Kosa la pili ni kuikata ndefu na kuigongomea iingie kwa nguvu. Inaonekana imekaza, kumbe inafungua maungio ya pembe. Ikate itoshe bila kulazimisha. Ikipungua nusu milimita, epoksi nzito itajaza.

Nguzo inamfaa zaidi mwenye boksi lililokwisha fungwa. Kupitia tundu la spika ya inchi 12 utaingiza nguzo yoyote, wakati fremu nzima haipiti.

Njia ya tatu: ubavu

Hapa mbao inabandikwa juu ya ukuta wenyewe, kwa ndani, ikisimama kwa ukingo. Haiufikii ukuta unaoukabili. Urefu wa kusimama ndio unaoleta nguvu: mbao ya mbili kwa nne ikisimamishwa kwa ukingo ni ngumu mara 4 kuliko ileile ikilazwa bapa. Watu wengi huilaza, kwa sababu ndivyo inavyokaa vizuri kwenye gundi.

Ubavu upite kukata upande mfupi wa ukuta, na ncha zake ziguse kuta za jirani na zishikwe nazo. Ubavu ulioishia sm 5 kabla ya pembe unakaza katikati tu, na sehemu iliyobaki inapinda kama kawaida. Vile vijiti vya pembe tatu vinavyotiwa kwenye kona navyo vinasaidia maungio yasivuje, lakini katikati ya ukuta, panapochezacheza, havifiki.

Kwa ukuta wa sm 38, ubavu wa mbili kwa nne unakula lita 1.9, na kwa kuta nne ni karibu lita 8. Hiyo ndiyo bei yake kubwa. Kazi ni nyepesi, vifaa ni vilevile vya nguzo, na ubavu hauingiliani na sumaku ya spika wala bomba la hewa. Kinachoharibika ni gundi kuachia upande mmoja, mara nyingi kwa sababu mbao ilikuwa mbichi na imekauka ikapinda. Chagua mbao kavu.

Unamfaa mwenye boksi la umbo la ajabu, kwa mfano lenye ukuta wa mshazari wa kufuata kiti cha nyuma cha gari, ambapo nguzo haina pa kuegemea kwa pembe iliyonyooka.

Njia ya nne: fremu yenye madirisha

Ni ubao mzima wa kukingama ndani ya boksi, uliotobolewa madirisha ili hewa ipite. Unashika kuta nne kwa pamoja, kingo zote, kama mataruma yanavyolishika jahazi. Hakuna njia nyengine inayotoa ukakamavu mwingi hivi kwa uzito mdogo hivi. Angalia lile boksi la sm 90 kwa 60 kwa 60: fremu mbili zikigawa sm 90 mara tatu, mvumo wa kuta zake ndefu unapanda zaidi ya mara 3, kutoka Hz 70 ya hesabu ya chini mpaka karibu 240. Fremu zote mbili zina kilo 5. Kuongeza unene kulitaka kilo 40, na mvumo ungefika Hz 140 tu.

Ujazo nao hauliwi sana, ukikata madirisha ya kutosha. Lengo ni kuacha wazi karibu nusu ya eneo. Kwa boksi letu, fremu ya sm 42 kwa 38 yenye ukingo wa sm 4 pande zote na msalaba wa sm 4 katikati inaacha madirisha manne ya sm 15 kwa 13. Hayo ni kama asilimia 49. Mbao iliyobaki ni lita 1.5 na uzito wake kilo 1.1.

Ila kazi yake ni ya mtu mwenye subira. Hatua ni hizi:

1. Pima ndani ya boksi baada ya kuta tatu kuunganishwa, si kwenye karatasi. Kata fremu pungufu nusu milimita.
2. Chora madirisha. Toboa tundu la mm 25 kwenye kila kona ya dirisha kabla ya kukata. Kona ya mviringo haipasuki. Kona kali ndiyo inayoanza ufa.
3. Kata kwa msumeno mdogo wa umeme, piga msasa, kisha paka vanishi kingo zote ulizokata.
4. Ijaribu bila gundi. Weka spika pahali pake na uhakikishe nyuma ya sumaku pamebaki sm 4 au 5, kwani spika nyingi zinapumua kwa tundu lililo nyuma ya sumaku.
5. Tia gundi kingo zote, bana, na upige skrubu kutoka nje kila sm 12.

Kosa linalorudiwa sana ni kuiweka fremu katikati ya upana, ikikingama kutoka mbele mpaka nyuma. Pale ndipo inapokaa spika, basi fundi anaikata nafasi ya sumaku, na fremu inabaki vipande viwili visivyoshikana. Kwa boksi la inchi 12 lenye kina cha sm 34, ilaze sambamba na ukuta wa mbele, sm 19 au 20 ndani. Hapo inashika juu, chini, kushoto na kulia. Ukuta wa nyuma haujaguswa, kwa hiyo tia nguzo fupi ya sm 12 au 13 kutoka kwenye msalaba mpaka katikati ya ukuta huo. Ukuta wa mbele unatiwa ubao wa pili. Boksi lote limekazwa kwa karibu kilo 3.

Kwenye boksi lenye bomba, mdomo wa ndani wa bomba uachiwe nafasi isiyopungua kipenyo chake kabla ya kukutana na fremu. Bomba la sm 10 linataka sm 10. Ukilisogelea zaidi, hewa inapiga mluzi na mpangilio wa Hz unashuka.

Kuna shauri linalozunguka kwamba fremu isikae katikati, ili vipande viwili vya ukuta visivume pamoja. Kwa spika za sauti zote ni shauri zuri. Kwa sabufa, katikati ndipo panapokaza zaidi, na mvumo wenyewe uko juu ya kazi yake. Pahali ambapo spika haizuii, sogeza sm 2 tu, inatosha.

Unyevu, chumvi na gundi

Hili linahusu njia zote nne. MDF ikinyonya maji inavimba kingoni na hairudi, na hewa ya pwani wakati wa masika haihitaji mvua kuifanya hivyo. Paka vanishi au rangi ndani na nje, hasa kingo zilizokatwa. Plaiwudi ya marini ina bei kubwa zaidi, lakini ni nyepesi, ni ngumu zaidi kwa unene uleule, na haifi kwa rasharasha. Boksi litakalotoka nje lijengwe kwa hiyo.

Gundi nyeupe ya kawaida inalainika ikipata unyevu wa muda mrefu. Tafuta ile iliyoandikwa D3 au D4 (viwango vya kustahimili maji), au gundi ya poliyurethani. Skrubu ziwe za stenlesi au zilizopakwa zinki. Kwenye MDF toboa kwanza kwa keekee ya mm 3 kwa skrubu ya mm 4, na usiikaribie kona chini ya sm 5, la sivyo ubao unapasuka tabaka.

Sufi au pamba ndani ya boksi haikazi kitu. Ina kazi yake nyengine.

Kwa hali yako

Boksi la inchi 8 au 10 la sebuleni, kuta zote chini ya sm 30: ubao wa pili wa mbele, basi. Fedha ya fremu itie kwenye vanishi na gundi nzuri.

Inchi 12 ya nyumbani, na unayo au unaweza kuazima msumeno mdogo wa umeme: fremu nyuma ya sumaku, nguzo fupi, na mbele maradufu. Huna msumeno huo? Nguzo mbili, moja kushoto kwenda kulia na moja juu kwenda chini, zikipita nyuma ya sumaku. Zipishanishe sm 5, zisikutane. Zitakula kama lita 2; zihesabu kabla ya kukata kuta.

Boksi la gari: uzito na nafasi ndivyo vinavyoamua. Plaiwudi ya mm 18 na nguzo, au ubavu pale penye ukuta wa mshazari. Usiongeze unene kila upande kwenye gari dogo.

Boksi la kukodisha kwa harusi na taarabu, la inchi 15 au 18: fremu, tena mbili au zaidi, kiasi kwamba hakuna kipande cha ukuta kinachozidi sm 30 upande mmoja bila kushikwa. Boksi hili linabebwa na kudondoshwa, na fremu ndiyo inayolizuia lisiende mrama pembe zake zikigongwa kwenye ngazi ya boti. Vishikio vifungwe karibu na fremu, si katikati ya ukuta mtupu.

Boksi lililokwisha fungwa na linacheza: toa spika, pima kwa vidole ukuta upi ni mbaya zaidi, tia nguzo moja tu, ijaribu kabla gundi haijakauka. Mara nyingi hiyo moja inatosha. Ikiwa ukuta wa mbele ndio unaocheza, ongeza ubao kwa nje, upange tundu la pili kwa kipimo cha nje cha fremu ya spika ili spika izame ndani yake, na ununue skrubu ndefu zaidi za kuishika kwenye ubao wa kwanza.